Vyama Viwili kwenye Matanga ya Mama

Waliokuwepo kwenye matanga ya mama yangu pale Tinde walikuwa wengi, lakini wa habari hii ni wachache. Nilikuwepo mimi, binti wa kwanza wa marehemu. Alikuwepo mdogo wangu, tuliyenyonya naye ziwa moja. Alikuwepo mume wangu, fundi wa ndege, na alikuwepo shemeji yangu, mume wa mdogo wangu, naye fundi wa ndege vilevile. Wale wawili waliitana mwanyumba, kwa kuwa walioa nyumba moja. Alikuwepo mjomba wetu, kaka yake mama, aliyeshika msiba. Na walikuwepo mafundi na vibarua wa karakana ya ndege ya Ibadakuli, Shinyanga, wote kabisa, hakubaki hata mfagiaji, ila mlinzi wa geti tu. Hawa hawakuwa ndugu zetu wala hawakumjua mama yangu akiwa hai, na hao ndio walionifanya nishike kalamu.

Majina yao ninayo yote, na ya wake zao, na ya watoto waliokuja wamebebwa mgongoni. Sitayaandika. Wengine wamekufa, wengine wana wajukuu, na si vizuri mjukuu akute mahali pameandikwa kwamba babu yake alikuwa mjinga. Mimi shule niliishia darasa la nne, basi msomaji anivumilie.

Ilikuwa miaka ya tisini, vyama vingi vya siasa vimeshaingia, mvua za Elinino hazijaja. Wakati ule wazungu wa utafiti wa dhahabu walikuwa wanaruka kila asubuhi na vindege vidogo, wanakwenda Geita, wanakwenda Kahama, jioni wanarudi na mawe kwenye mifuko. Vindege vile vilikuwa vinatengenezwa hapo Ibadakuli, kwenye karakana ya kampuni moja ambayo nayo siitaji. Mume wangu alikuwa fundi pale tangu hajawa na mvi. Shemeji yangu aliingizwa na mume wangu. Mume wangu alimwendea meneja mwenyewe akamwambia, yule ni mwanyumba wangu, mkono wake mzuri, mchukue. Akachukuliwa. Mimi nilikuwa napika getini, chini ya bati nne, chai na maandazi asubuhi, mchana ugali na dagaa, siku nyingine matobolwa, viazi vitamu vilivyochemshwa vikakaushwa, kwa karanga. Mafundi walikuwa wananawa kwa sabuni ya unga lakini harufu ya mafuta ya ndege haitoki, hata tonge lilikuwa linanukia. Wanyumba wale wawili walikuwa wanakula sahani moja. Kazi ile ndiyo iliyolisha nyumba zetu mbili, yangu na ya mdogo wangu, na ndiyo iliyomlisha mama yetu Tinde. Hatukuwa na kitu kingine. Shamba la pamba lilikuwa halilipi tena.

Kisha kikaja chama kipya.

Zamani chama cha wafanyakazi kilikuwa kimoja tu, unakatwa mchango upende usipende. Mume wangu alikuwa mwenyekiti wa chama hicho pale karakana. Halafu ikasemwa sasa ni ruksa kuwa na kingine, na vijana wakaanzisha chao, na kiongozi wao akawa shemeji yangu. Nilipomwuliza mume wangu, akasema, "Mwache acheze." Baada ya miezi hakusema tena kuwa ni mchezo.

Wa chama kipya waliwaita wa zamani Chama cha Pensheni. Wa zamani nao wakawaita wale Chekechea. Asubuhi ukisikia mtu anapita getini anapiga kelele, "Watoto, uji tayari!" ujue anawatania vijana. Nao wanamjibu, "Shikamoo babu, dawa umeshakunywa?" Mwanzoni nilikuwa nacheka. Baadaye vijana wakahama benchi. Baadaye wakahama chakula, wakawa wanakwenda kula kwa mama mwingine ng'ambo ya barabara, eti mimi ni mke wa mwenyekiti. Shemeji yangu naye akahama. Anapita mbele ya sufuria zangu, anainamisha kichwa, "Shikamoo dada." "Marahaba." Anakwenda kula dagaa waliochacha ng'ambo, na anajua wangu hawajachacha.

Kitu chenyewe walichokuwa wanagombania ni hiki. Uvumi ulikuwa umetoka kwamba kampuni inataka kuacha kutengeneza ndege yenyewe, kazi ipewe mkandarasi aje na watu wake. Chama cha zamani kikasema hapana. Chama kipya kikasema hapana. Hapo ndipo ninapokasirika hadi leo, maana walikuwa wanasema neno moja. Meneja alikuwa mtu mpole, wa sauti ya chini, na hao ndio wabaya. Akawaambia, mimi siwezi kuongea na midomo miwili, nileteeni chama kimoja chenye watu wengi kuliko kingine, nikae nacho mezani tuzungumze habari ya mkandarasi. Badala ya kukaa pamoja wakaanza kunyang'anyana watu. Leo fundi wa rangi yuko huku, kesho yuko kule. Mfagiaji alibembelezwa kama bibi harusi. Kila chama kikisogea, kingine kinavuta, na meneja anangoja.

Mama akafa Ijumaa.

Habari nililetewa na utingo wa basi linalotoka Kahama. Alishuka getini akanisalimia, akanyamaza, nikajua. Nilikaa chini palepale, mwiko mkononi. Mume wangu akatoka, shemeji yangu akatoka, na kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu wakasimama bega kwa bega. Meneja naye akatoka.

"Poleni sana, mama," akaniambia. "Nendeni mkazike."

Mume wangu akauliza, "Na wenzetu, bosi? Wanataka kutusindikiza."

"Nendeni wote. Karakana haina miguu, mtaikuta."

Alisema hivyo. Nilikuwa nimekaa chini lakini masikio yangu hayakukaa chini.

Sasa asiye wa kwetu inabidi aelezwe. Kwetu Usukumani msiba si wa nyumba moja. Kuna nzengo, yaani watu wa kitongoji chako, na hao ndio wanaokuzika. Usipokwenda kwa wenzio unapigwa faini, na ukirudia unatengwa, siku ya kwako utachimba kaburi mwenyewe na mkeo ashike taa. Kwa hiyo kila mtu wa kwetu amelelewa na jambo hilo, anajua kuangalia nani kaja na nani hakuja, na aliyekuja amekuja na nini. Mtu anayejua kuzika ndiye mtu. Vyama vile viwili vilikuwa vya watu wa kwetu. Viliuona msiba wa mama yangu vikaona uwanja.

Chama cha zamani kilimwendea Mhindi wa duka la vipuri, kikaazima lori. Chama kipya kilipata lori la pamba, bado lina manyoya ya pamba kwenye mbao. Yalifika Tinde yamefuatana, yanapigiana honi. Wa huku wameleta gunia la mchele, wa kule wameshusha mawili na ng'ombe mmoja mweusi. Mume wangu akaona ng'ombe, akamtuma mtu sokoni. Mimi niko ndani na wanawake, nimefunikwa kanga, nasikia ng'ombe wa pili anaingia uani, na mdogo wangu ananinong'oneza, "Dada, hawa wanakuja kuzika au wanafungua bucha?"

Kwenye kaburi ikawa aibu. Vijana wa nzengo ndio wanaochimba, hao ndio wenye haki. Fundi mmoja wa chama kipya akaomba jembe, kwa heshima, kusaidia kidogo. Wa zamani wakaona, wakaomba sururu. Mara vijana wa Tinde wametolewa shimoni wamesimama pembeni, mafundi wa ndege wanachimba kwa kushindana, huku wanarusha udongo, kule wanarusha udongo, kaburi likapanuka kama kisima cha kunyweshea ng'ombe. Mzee mmoja wa pale akasema, "Mnamzika mtu mmoja, jamani, au na lori?"

Wakati wa salamu za rambirambi mshereheshaji akaanza na chama cha zamani. Katibu wa chama kipya akasimama akasema wao wamefika kwanza. Wakabishana wamesimama juu ya maua. Mjomba akapiga fimbo chini.

"Wakwilima wangu," akawaambia mume wangu na mwanyumba wake, maana ndivyo tunavyowaita wanaume waliooa kwetu, "nyie wawili njooni hapa. Mmekuja kumzika dada yangu au kumpigia kura?"

"Kuzika, mjomba," wakajibu pamoja.

"Basi fungeni midomo. Marehemu hana kadi ya chama."

Watu wakacheka, mpaka mimi nikacheka ndani ya kanga na machozi yanatoka. Wao hawakucheka.

Tukazika Jumamosi. Wanaume wakakaa kwenye moto wa matanga, nje, wa zamani upande wa zizi, vijana upande wa barabara, moto uko katikati. Na hapa ndipo pana jambo lenyewe. Kwetu ukishaulalia moto wa matanga huondoki hivihivi. Unangoja mjomba azoe majivu ayamwage, ndipo watu watawanyike. Mjomba alikuwa ameshasema majivu yatazolewa Jumanne. Lakini mwenye kazi ya watu haadhibiwi. Anakwenda kwa mwenye msiba, anaomba ruhusa, anapewa, anaondoka na heshima yake. Walimu waliomba wakaenda. Dereva wa lori la pamba aliomba akaenda, na Mhindi naye aliagiza lori lake likaondoka.

Jumatatu asubuhi nikatoka na sufuria ya uji. Mume wangu amekaa kwenye kigogo.

"Baba watoto, leo Jumatatu."

"Najua."

"Ndege ya Geita si inakuja kuangaliwa leo? Ulisema mwenyewe."

"Najua, mama watoto."

"Sasa mbona mmekaa?"

Akaelekeza kidevu upande wa pili wa moto. "Wakiinuka wale, na sisi tunainuka. Tukitangulia watakwenda kusema Chama cha Pensheni kilimkimbia mama mkwe wa mwenyekiti wake. Nitabaki na nani?"

Nikarudi jikoni. Mdogo wangu alikuwa ametoka kuwapelekea vijana uji, uso umemshuka. Nikamwuliza mumewe kasemaje. Akasema, "Kasema mwanyumba ndiye mkubwa, aanze yeye."

Tukaangaliana. Tumefiwa na mama, kaburi bado bichi, na tumesimama jikoni tunatafuta namna ya kuwabembeleza wanaume waende kazini. Nikamwambia, "Mwambie wako aanze, wewe anakusikia."

"Kwa nini wangu? Wako ndiye mwenye kiti. Mwambie aanze wako."

"Wangu ndiye aliyemwingiza wako kazini."

"Ahaa," akasema. "Nilijua siku moja utalisema hilo."

Akachukua ndoo akaenda kisimani peke yake, na mimi nikabaki napekecha uji usiohitaji kupekechwa. Na wale nje wameendelea kukaa, wanakunywa uji wetu, kila upande unautazama mwingine kama majogoo, mpaka jua likapita utosini.

Alasiri akaja mlinzi wa karakana, kashuka kwenye basi, bado kavaa koti lake la kazi. Hakusalimia. Mjomba akamsalimia kwa Kisukuma, "Mwadila, baba, kaa kwanza." Hakukaa.

"Ndege imekuja asubuhi," akasema. "Haikukuta mtu. Meneja amefunga karakana, kaweka kufuli jipya. Saa hizi ninavyoongea kuna watu wengine ndani."

Wote wakainuka. Wazee, vijana, kwa pamoja. Hakuna aliyetazama nani katangulia. Wakakimbilia barabarani wakisimamisha kila kinachopita, na kwenye gari la mkaa waliingia wamechanganyika, wa zamani wamepakata wa kipya. Mjomba akabaki na moto wake. Akasema polepole, "Sasa hivi ndiyo mmejua kukaa pamoja."

Meneja hakuwaficha. Aliwaambia getini kwa sauti yake ileile kwamba ruhusa alitoa kwa wafiwa wawili, wengine wameacha kazi wenyewe. Na wafiwa nao Jumatatu hawakuonekana. Mume wangu akamkumbusha maneno yake. Akasema, "Mzee, nyie mlikuwa na uchungu, hamkusikia vizuri." Ndani mafundi wa mkandarasi walikuwa wameshaanza kufungua injini. Mimi niliwaona kesho yake nilipokwenda kuchukua bati zangu. Wamevaa ovaroli za bluu mpya, kifuani pameshonwa jina la mkandarasi kwa uzi mwekundu, na chini yake jina la kila fundi. Mimi ni mwanamke wa cherehani pia. Kushona herufi zile kwa watu wote wale si kazi ya kutwa, wala ya juma moja. Ovaroli zile zilikuwa kwa fundi cherehani wakati mama yangu bado anapuliza moto wake mwenyewe. Nilipoziona nikajua meneja hakuwa anangoja chama chenye watu wengi. Alikuwa anangoja sababu, na sisi tukampelekea mpaka mlangoni, na ng'ombe wawili juu.

Utadhani hapo wakapata akili. Wapi. Walikwenda kwa afisa wa kazi mjini kwa makundi mawili, siku mbili mbalimbali. Wa zamani wakamwambia vijana ndio walioshawishi watu wasirudi. Vijana wakamwambia wazee ndio waliokalia moto. Afisa akawaambia njooni na malalamiko mamoja. Hawakwenda na mamoja. Wakafanya mikutano, wakachagua viongozi, wakagombania kuwaongoza watu wasio na kazi.

Na lawama zikashuka kwangu. Sokoni wake zao walikuwa wanasema nasikia, "Msiba wa Tinde umetumaliza." Mmoja, ambaye nilimkanda kwa maji ya moto alipojifungua, alinitazama machoni akasema, "Mama yako angekufa Jumanne, waume zetu wangekuwa kazini." Nikanunua nyanya zangu nikaondoka. Kumjibu nilikuwa na uwezo. Lakini ukimjibu mtu wa namna hiyo, mama yako anakufa mara ya pili.

Mkandarasi baadaye akachukua wachache kwa kibarua, wa kuwaonyesha wageni mambo ya ndege zile. Shemeji yangu alichukuliwa. Mume wangu alikuja akakaa kizingitini, akaniambia, "Mwanyumba kaingia." Nikadhani atatukana. Akasema tu, "Nadhani ni kweli mkono wake mzuri." Kesho yake akafunga spana zake kwenye gunia akaenda Nyarugusu kwenye machimbo.

Kule alikuwa anatengeneza makarasha, zile mashine za kusagia mawe ya dhahabu. Nilimfuata baada ya mavuno. Alikuwa anafunga kila nati halafu anaipitishia waya ili isilegee, kama walivyokuwa wanafanya kwenye ndege. Wachimbaji walikuwa wanamtania, "Mzee, hili karasha linaruka lini?" Anawajibu, "Likiruka nyie hampandi, mnanuka." Walimpenda. Mimi nikapika kule pia, kwenye vumbi jeupe lile linaloingia mpaka kwenye chumvi. Alianza kukohoa kule. Kwa mdogo wangu sikwenda. Yeye naye hakuja. Kila mmoja alikuwa anangoja mwenzie aanze.

Mkandarasi naye hakudumu. Migodi mikubwa ilianza kujenga viwanja vyake vya ndege na kuleta watu wake, na pale Ibadakuli kazi ikakatika, vibarua wakaambiwa asanteni. Nilikuwa nimerudi Shinyanga kwa ajili ya masika, mume wangu kabaki Nyarugusu peke yake. Aliporudi kunitembelea alikula, akanawa, akasema, "Mwanyumba alikuja."

"Kufanya nini?"

"Kuomba kazi kwenye karasha."

"Ukamwambiaje?"

"Nilimwuliza yeye ni wa chama gani."

"Halafu?"

"Halafu nikaendelea na kazi yangu. Nilipogeuka hakuwepo."

Sikumsema. Nilitoa sahani nikaenda kuiosha. Mume wangu alikufa na kifua chake bila kulizungumza tena, na kwenye msiba wake shemeji yangu alikuja, akachimba kaburi na vijana wa nzengo, akaondoka kabla ya chakula. Mdogo wangu alikaa na mimi mpaka majivu yakazolewa, akaniambia kwamba mumewe anasimulia vingine. Anasema hakuulizwa swali lolote. Anasema alifika Nyarugusu, akamwona mwanyumba wake amelala chini ya karasha, amechakaa, vumbi mpaka kwenye kope, akaona haya kumwomba mtu aliyeshindana naye kukalia moto wa matanga, akageuka mwenyewe bila kusema neno, wala mume wangu hakumwona.

Mmoja kati ya hao wawili amesema lisilokuwepo, na mimi sikuwepo. Nimeandika alivyoniambia mume wangu kwa kuwa ndiye niliyeishi naye. Lakini pale kwenye karasha huwa pana watu, wa kuponda, wa kubeba maji, mama wa chai. Kama wewe ulikuwa Nyarugusu siku hiyo, na uliona kwamba hakumwuliza, njoo uniambie nimekosea. Nyumba yangu ni ile ya pili ukitoka kwenye ghala la pamba la zamani, huku Ibadakuli. Katika yote niliyoyaandika humu, hilo moja ningefurahi kukosolewa.